Betri za lithiamu kwenye vifaa vya dharura vya ndege: kuzipokea, kuzifunga, na la kufanya zikishika moto

Tarehe 12 Julai 2013 moshi ulionekana ukifuka mgongoni mwa ndege ya Boeing 787 ya Ethiopian Airlines, karibu na mkia. Ndege ilikuwa imeegeshwa Heathrow, London, na ndani hakukuwa na mtu. Mwanzoni mwa mwaka huo 787 zote duniani zilikuwa zimezuiwa kuruka kwa sababu betri zake kubwa zilishika joto na kutoa moshi, na ziliporuhusiwa tena, Ethiopian ndiyo iliyotangulia kupakia abiria, tarehe 27 Aprili, kutoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi. Kwa hivyo Heathrow ilipofuka moshi, kila mtu alizitazama zile betri kubwa ambazo sasa zilikuwa zimefungiwa ndani ya masanduku ya chuma. Hazikuhusika. Moto ulianzia juu ya dari, ndani ya ELT, kile kifaa kinachorusha ishara ya dharura ndege ikianguka, ambacho betri yake unaibeba kwa mkono mmoja.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walitoa ripoti yao Agosti 2015. Walikuta nyaya za betri zimepishana na kubanwa chini ya kifuniko cha sehemu ya betri. Yaelekea nyaya hizo zilipiga shoti, seli moja (seli ni vipande vinavyounganishwa kuunda betri) ikashindwa, joto lake likaamsha seli za jirani, na kwa kuwa nyaya zilizobanwa zilikuwa zimeinua kifuniko kisikae vizuri kwenye gasketi yake, ndimi za moto zikapata upenyo wa kutoka. Nje zilikutana na blanketi za kuzuia joto na kelele, kisha bodi yenyewe ya kompositi, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa resini. Resini ya bodi ikaanza kuungua polepole, na iliendelea kuungua hata baada ya betri kuisha nguvu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mafundi, watunza stoo na wakuu wa zamu katika hanga za viwanja vya ndege vya Wilson na Embakasi hapa Nairobi, na hasa kwa vijana wanaojifunza kazi. Hauchukui nafasi ya kitabu cha matengenezo cha aliyetengeneza kifaa. Pale kitabu kinaposema tofauti, fuata kitabu. Ninachotaka kieleweke kabla ya hatua ya kwanza ni hiki: betri hizi hazizimwi. Kijana anayejifunza huuliza, "Fundi, si tumeshaweka swichi kwenye OFF?" Swichi inazima redio. Betri iliyo nyuma ya swichi ina nguvu zake zote usiku na mchana, ndege ikiwa angani au ikiwa imefunikwa turubai, na hakuna sakiti breka ya rubani inayoifikia, kwa sababu kifaa cha dharura lazima kifanye kazi hata umeme wote wa ndege ukiwa umekufa. Mahali pa kuzuia moto wake ni mezani, kabla kifuniko hakijafungwa.

Hatua ya kwanza: zitafute zote

Chukua karatasi na tochi, uipitie ndege kutoka puani hadi mkiani. ELT ya kudumu kwa kawaida iko nyuma, karibu na mkia, ambako ndege hupona zaidi ikianguka. Nyingine ya kubebeka huenda iko kwenye kabati la wahudumu au ndani ya boya la kujiokoa. Mashine ya kushtua moyo ina betri ya lithiamu. Tochi za wahudumu, inategemea aina. Kinasa sauti na kinasa data kila kimoja kina kifaa kidogo kinachopiga mlio kikizama majini, nacho kina betri. Taa za majaketi ya kuokolea nyingi huwashwa na maji na hazina lithiamu, lakini soma lebo, usikisie.

Kwa kila kifaa andika namba yake, kilipo, tarehe ya mwisho ya betri, na kemia ya betri. Andika pia kilicho karibu nacho: blanketi, bomba la oksijeni, nyaya, mafuta ya hidroli. Safu hii ya mwisho wengi huiacha, nayo ndiyo inayoonyesha moto utakula nini ukitoka kwenye kasha.

Usichanganye lithiamu za aina mbili. Zile za simu na za mashine nyingi ni za kuchajiwa. Betri za ELT kwa kawaida hazichajiwi: ndani yake mna metali yenyewe ya lithiamu, mara nyingi pamoja na manganizi dioksaidi, na kila seli hutoa kama volti 3. Ukiiunganisha na chaja umetengeneza bomu dogo. Zamani ELT zilitumia lithiamu na salfa dioksaidi, gesi inayokaba koo, na betri hizo zilipasuka mara kadhaa hata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaamuru mwaka 1979 ziondolewe ndegeni. Ukifungua kifaa cha zamani sana ukakuta lebo inataja salfa, simama hapo hapo umwite mkuu wako.

Hatua ya pili: kupokea betri mpya

Betri inayoingia hanga ije na cheti chake cha kuachiliwa kutoka kwa mtengenezaji au karakana iliyoidhinishwa, na namba ya spea ifanane, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye kitabu cha kifaa. Kiwango cha Marekani cha betri za lithiamu zisizochajiwa kinaitwa TSO-C142. Kama betri yako inatakiwa iwe na alama hiyo na haina, irudishe.

Nalisema hili bila kumlenga mtu: usijenge betri ya ELT kwa seli ulizonunua Luthuli Avenue, ule mtaa wa vifaa vya umeme katikati ya Nairobi. Wauzaji wa pale wanauza vitu vya redio na tochi, na seli inayofanana kwa umbo na volti unaweza kuipata kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya betri kamili. Tatizo ni historia yake. Hujui imekaa wapi, imeanguka mara ngapi, imeshatumika kiasi gani. Betri ya ELT ni seli kadhaa zilizopangwa mfululizo, na uhai wake unategemea seli hizo kulingana. Moja ikiwa na nguvu kidogo kuliko wenzake, itaisha kwanza, kisha zilizobaki zitaendelea kusukuma umeme ndani yake kwa nguvu. Seli tupu inayosukumwa hivyo hupata joto, nalo joto hilo laweza kuipasua.

Ikague kabla ya kutia sahihi. Boksi lililobonyea ni sababu tosha ya kulifungua mbele ya aliyelileta. Tafuta seli iliyovimba, plastiki iliyochanika, unyevu kwenye konekta, harufu ya kemikali. Betri iliyoanguka sakafuni mbele yako iweke kando na uandike, hata kama kwa macho ni nzima, kwa sababu kilichopinda ndani hukioni. Na usiipime kwa mita ukaridhika: lithiamu na manganizi hushikilia volti yake karibu ileile mpaka inakaribia kuisha, kwa hivyo mita inaweza kuisifu betri iliyochoka. Umri wake utausoma kwenye tarehe na kwenye daftari la matumizi.

Hatua ya tatu: stoo

Nairobi ina baridi yake, hasa Julai, na hilo hutufanya tujisahau. Kontena la chuma lililoegeshwa juani nyuma ya hanga, saa saba mchana mwezi wa Februari, ni tanuri. Betri zikae ndani, mbali na jua na dirisha, kwenye joto alilotaja mtengenezaji. Zikae kwenye boksi zake za asili, vizibo vya konekta vikiwa mahali pake, kwenye kabati la chuma lisilo na grisi, rangi, asetoni wala mitungi ya oksijeni. Usizipange rundo. Friji haitakiwi isipokuwa imeandikwa, kwa sababu ukiitoa betri ya baridi kwenye hewa ya joto hutoa jasho, na jasho hilo linaingia kwenye konekta.

Zilizotolewa ndegeni zisikae rafu moja na mpya. Sababu nitaieleza mwishoni, na ni nzito kuliko unavyodhani.

Hatua ya nne: kufungua na kufunga

Hapa ndipo pa kutulia. Kama una haraka, kama rubani amesimama mlangoni anauliza ndege itatoka saa ngapi, iahirishe kazi hii.

Vua pete, saa na cheni. Tandika mkeka usiopitisha umeme. Hakikisha swichi ya kifaa na ile ya mbele kwa rubani zote ziko pale kitabu kinapotaka, ili usije ukawaamsha watu wa uokoaji bure. Ukishakitoa kifaa, piga picha kabla ya kugusa skrubu yoyote: kifuniko kimekaaje, kuna upande ulioinuka? Kisha fungua, na kabla hujavuta kitu piga picha nyingine ya nyaya kama zilivyolala. Picha hizi mbili ndizo zitakazokuambia kama aliyekutangulia alifunga vizuri. Ukipiga baada ya kuvuruga, umepoteza ushahidi.

Chomoa konekta kwa kushika mwili wake, usivute waya. Sasa zikague nyaya kwa vidole na kwa kioo cha kukuza, kuanzia kwenye konekta hadi zinapoingia kwenye betri. Unatafuta mahali waya umekuwa bapa, mahali ganda limeng'aa au lina mkunjo wa moja kwa moja kama uliochorwa kwa rula. Alama kama hiyo maana yake waya ulikuwa chini ya ukingo wa chuma. Geuza na kifuniko ukitazame upande wa ndani: waya uliobanwa huacha njia yake kwenye gasketi, kijibonde chembamba kinachokatiza mpira. Ukiona kijibonde hicho kwenye gasketi ya zamani, kazi yako imebadilika kutoka kubadilisha betri hadi kuchunguza hitilafu, na nitarudi kwenye hilo.

Safisha mfereji wa gasketi na uweke gasketi mpya kama seti ya betri imekuja nayo. Ikiwa kitabu kinataka mpya, ya zamani isirudi hata kama inaonekana nzima.

Weka betri. Unganisha konekta mpaka usikie imejifunga. Kisha zilaze nyaya. Kila waya uwe na nafasi yake ndani ya kasha, usipite juu ya mwenzake pale ambapo kifuniko kitagandamiza, na usiwe karibu na ukingo wala tundu la skrubu. Nyaya za betri mpya mara nyingine zina ukaidi, zinarudi zilikokunjwa kiwandani. Zizoeshe taratibu kwa vidole. Bisibisi usiitumie kuzisukuma, kwa maana ncha yake ndiyo inayochana ganda.

Sasa jaribio ninalolithamini kuliko yote. Weka kifuniko mahali pake bila skrubu hata moja na ukiachie. Kinatakiwa kikae chenyewe, bapa, kama kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Bonyeza pembe moja: upande wa pili ukiinuka, kuna kitu chini. Zungusha jicho pande zote nne ukiwa na tochi nyuma ya kasha. Mwanga ukipenya upande mmoja na usipenye mwingine, kuna kitu chini. Na kama kuna kitu chini, kiondoe kwanza, kisha urudie jaribio. Usikaze skrubu ili kukishusha kifuniko. Skrubu ina nguvu za kutosha kukilaza kifuniko juu ya waya na kukufanya uamini kila kitu ni sawa, na toku, kipimo cha nguvu ya kukazia skrubu, itasoma sawasawa.

Mwite mtu wa pili kabla ya kufunga. Awe hajashiriki kazi hiyo, aone nyaya zikiwa wazi, azitazame, kisha atie sahihi yake kwenye kadi ya kazi. Sahihi ya ukaguzi iliyotiwa baada ya kifuniko kufungwa haina maana hapa, kwa kuwa kilichotakiwa kukaguliwa kimeshafichwa. Piga picha ya tatu, nyaya zikionekana, na uiambatanishe na kadi. Ndipo ukaze skrubu kwa mkatizo, kidogo kidogo, hadi toku iliyoandikwa.

Mtu huuliza: kama nimebana waya, si ningeona moshi palepale mezani? Si lazima. Ganda la waya lililobanwa laweza kushikilia kwa miezi mingi huku mtikisiko wa injini na joto na baridi ya safari vikilila polepole mpaka chuma kikagusana na chuma. Ile ndege ya Heathrow ilikuwa imesafirisha abiria kwa miezi kadhaa na kifaa chake kimetulia. Na usiegemee kinga zilizomo ndani ya betri yenyewe. Betri ile ilikuwa na kinga za ngazi ya seli na za ngazi ya betri, na ripoti inasema hakuna iliyoweza kuzuia seli moja iliyoshindwa isizichukue na nyingine. Kulikuwa na takribani ELT 6,000 za muundo huo kwenye ndege za aina nyingi, na tukio kama lile lilikuwa nadra mno. Unadra huo haukumsaidia aliyekuwa na kile kimoja.

Hatua ya tano: kukijaribu

Tumia jaribio la ndani la kifaa, kwa namna kitabu kinavyosema na si zaidi. Ishara ya 406 MHz inaenda moja kwa moja kwenye setilaiti za uokoaji za Cospas-Sarsat, na ukiiachia kwa makosa, watu wataanza kukutafuta. Ile ya 121.5 MHz setilaiti ziliacha kuisikiliza tarehe 1 Februari 2009, ila minara na ndege bado zinaisikia. Desturi ni kuijaribu ndani ya dakika tano za kwanza za saa, kwa sekunde chache, mnara ukiwa umeshaarifiwa.

Andika muda wa kila jaribio. Kanuni inayotumika ni kwamba betri hubadilishwa nusu ya maisha yake ya kazi inapokwisha, au kifaa kikishatumika kwa zaidi ya saa moja kwa jumla. ELT iliyojiwasha yenyewe ndani ya hanga Ijumaa jioni ikakutwa inalia Jumatatu asubuhi betri yake haina cha kujadiliwa, hata kama tarehe iliyoandikwa ni ya miaka mitatu ijayo.

Hatua ya sita: moshi ukionekana

Ndani ya hanga, toa watu kwanza, kisha piga simu kwa zimamoto ya uwanja. Namba yao iwe imebandikwa ukutani, herufi kubwa, kando ya kila mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu mtu aliyeshtuka hakumbuki namba. Kata umeme wa nje wa ndege. Hilo halitazima betri, lakini litawalinda watakaomwaga maji.

Na maji ndiyo yatakayohitajika. Mtungi wa haloni, gesi ya kuzimia moto, unaangusha ndimi za moto, ila haupoozi, na seli iliyopata joto itaendelea kuipasha jirani yake moto hata bila mwali. Heathrow wazimamoto waliingia na haloni haikufua dafu. Iliwabidi wabomoe paneli za dari na kutumia mpira wa maji. Mafundi wengi wamefundishwa kwamba lithiamu na maji ni maadui, na kwa metali tupu iliyo mkononi hilo ni kweli. Lakini ndani ya kifaa kimoja metali ni kidogo, na faida ya kukipooza ni kubwa kuliko hatari hiyo, ndiyo maana mwongozo wa mamlaka ya Marekani kwa moto wa betri ndani ya ndege, za kuchajiwa na zisizochajiwa, ni kuua mwali kwa haloni au maji kisha kumwagia maji mengi. Shehena ya betri zisizochajiwa ikiwaka stoo ni jambo lingine. Hapo toka, funga mlango, na uwaambie zimamoto mapema ni kitu gani kimo ndani ili waje na unga wa moto wa metali.

Usikibebe kifaa kinachotoa moshi kukikimbiza nje. Seli hupasuka bila taarifa, na huko unakoshika ndiko zinakopasukia. Usikifunike kwa blanketi wala usikiwekee barafu, kwa sababu vyote viwili huhifadhi joto ndani. Simama upande upepo unakotoka. Moshi wa betri hizi, hasa zile za kuchajiwa, unaweza kuwa na haidrojeni floraidi, inayounguza mapafu na ambayo madhara yake mara nyingine huja saa kadhaa baadaye. Aliyeuvuta apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, na daktari aambiwe ulikuwa moshi wa betri ya lithiamu. Moto ukishazimika, mtu abaki akiulinda, kwa kuwa seli iliyosalia inaweza kuamka tena.

Angani mambo ni mafupi. Kifaa cha kubebeka kikiwaka, abiria wasogezwe, mwali uuliwe, kisha maji au kinywaji chochote kisicho na pombe kimiminwe juu yake bila kuhurumia zulia. Moshi ukitoka nyuma ya paneli ambako mkono haufiki, rubani atue. Anayeruka ndege ndogo ya Caravan kutoka Wilson kwenda Mara asijiambie atafika kwanza. Kuna viwanja njiani, na kurudi pia ni njia. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyopaa kutoka Dubai na betri za lithiamu kwenye shehena ilipatwa na moto, na moshi uliingia chumba cha marubani hadi hawakuweza kuona vifaa vyao. Wote wawili walikufa.

Hatua ya saba: betri iliyotolewa

Fikiria tena ile kanuni ya nusu ya maisha. Betri uliyoitoa kwa sababu ya tarehe, kama kifaa hakijawahi kulia, bado ina sehemu kubwa ya nguvu zake. Sisi tunaiita ya zamani, tunaitupa kwenye katoni pamoja na skrubu na vipande vya waya, na tayari kuna shoti inayosubiri mtu asogeze katoni. Hii ndiyo sababu ya rafu tofauti. Ziba konekta na kila ncha kwa tepu ya umeme, tia kila betri kwenye mfuko wake wa plastiki, andika tarehe na sababu ya kutolewa, na uiweke kwenye boksi lisilo la chuma. Usiandike "tupu". Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet ilianguka kwenye vinamasi vya Florida na watu wote 110 wakafa, baada ya vifaa vya kutengeneza oksijeni ya dharura vilivyotolewa kwenye ndege nyingine kupakiwa kama mali ya kampuni, vikiwa vimeandikwa kwamba ni vitupu. Havikuwa vitupu.

Na hilo la mali ya kampuni linatuhusu moja kwa moja. Betri iliyofungwa ndani ya ELT iliyofungwa kwenye ndege ni sehemu ya ndege. Betri hiyohiyo kwenye boksi, ikipelekewa fundi mwenzako Lodwar, ni mzigo wa hatari, hata kama ndege na betri na fundi ni vya kampuni moja. Tangu 1 Januari 2015 betri za lithiamu zisizochajiwa zinazosafirishwa peke yake, zile zenye namba ya mizigo ya hatari UN 3090, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Asipewe rubani aziweke miguuni. Mwite mtu aliyesomea mizigo ya hatari apange safari yake, au zipelekwe kwa gari. Iliyovimba, iliyopasuka au iliyoungua haipandi ndege yoyote.

Ya kutupwa isifike jalala la Dandora. Ipeleke kwa mshughulikiaji wa taka za elektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, upewe karatasi ya kupokelewa, na karatasi hiyo ibaki kwenye faili la ndege. Iliyoharibika na inayosubiri kuchukuliwa ikae nje, kivulini, juu ya zege, mbali na ukuta na ndege, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga chini na isiyofungwa kwa kubana.

Sasa ile gasketi yenye kijibonde. Ukikuta waya uliobanwa na haujawaka, usiufiche na usiutengeneze kimyakimya ili usimwaibishe mwenzako. Acha kila kitu kilivyo baada ya kuchomoa betri kwa usalama, hifadhi kifaa, kifuniko, gasketi na betri pamoja na picha zako, na utoe taarifa kwa mkuu wa ubora, kwa mtengenezaji na kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kisha fungua kadi za kazi, uone ni nani alifunga kifaa hicho na wiki hiyo alifunga vingine vipi, na ndege hizo ziangaliwe leo kabla hazijapaa.